Kamera Isubiri, Kwanza Hesabu

Tuseme unaimba, unacheza au unaigiza, na mtaa mzima unakukubali. Siku moja anatokea mtu na kukwambia, "Achana na shule, kipaji unacho, utajaza mapene sasa hivi!" Utamjibu nini? Kabla hujajibu, hebu tuwaangalie vijana wa California, Marekani, ambako watoto wameigiza filamu kwa zaidi ya miaka 100. Wenzako hao wanasoma saa ngapi?

Kibali kwanza
Kwa kawaida, kijana wa California aliye chini ya miaka 18 haigizi bila kibali cha serikali. Kibali hicho ni cha miezi 6 tu, halafu anaomba upya. Anapoomba, shule yake inaulizwa: maksi zake zikoje? Anahudhuria? Afya yake je? Majibu yakiwa mabaya, kibali hapati. Yaani uzembe wa darasani unaweza kukukosesha filamu!

Darasa pembeni ya kamera
Chukua kijana wa miaka 14. Siku ya shule, ukiacha muda wa kula, anaruhusiwa kuwepo kazini masaa 9 basi. Masaa 5 anaigiza, masaa 3 anasoma, saa 1 anapumzika. Anasomea palepale, kwenye chumba au gari lililotengwa, akifuata masomo ya shule yake. Mwalimu ni wa kusomea, mwenye leseni, na siku za shule hapewi wanafunzi zaidi ya 10. Na kusoma kwa kuvizia hakuna: kwa mkataba wa chama cha waigizaji, kipindi kilicho chini ya dakika 20 hakihesabiwi.

Huyo mwalimu hafundishi hesabu tu. Sheria inampa pia jukumu la kulinda afya, usalama na maadili ya mtoto. Akiona mambo siyo, anaweza kumwondoa mtoto kazini, hata kama mwongozaji amekasirika. Isitoshe, kijana aliye chini ya miaka 16 lazima mzazi au mlezi wake awe karibu, anamwona au anamsikia.

Wengine wanasomea nyumbani, wakifundishwa na wazazi au walimu wa kukodi, kwa sababu ratiba inapangika kirahisi. Lakini hapo kijana anaweza kuwa mpweke, hana marafiki wa rika lake. Ndiyo maana zipo pia shule za wasanii, kama Professional Children's School ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1914.

Sheria hizi zilitoka wapi?
Zilitoka kwenye machungu. Jackie Coogan aliigiza na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid, mwaka 1921, akiwa bado mtoto mdogo. Alichuma mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wametumia karibu zote. Alishtaki mwaka 1938, akaambulia kama dola 126,000 tu. Mwaka 1939 California ikatunga sheria ya kulinda pesa za watoto wasanii. Siku hizi asilimia 15 ya malipo huwekwa benki mpaka mtoto afikishe miaka 18.

Judy Garland naye alichukuliwa na kampuni ya filamu mwaka 1935, akiwa na miaka 13. Baadaye alisimulia kwamba walipewa vidonge vya kuwakesha wakiwa kazini, kisha vingine vya kuwalaza. Alikufa mwaka 1969 kwa kuzidisha dawa za usingizi, akiwa na miaka 47. Kusoma peke yake hakutoshi. Mwili unahitaji usingizi, na mtoto anahitaji mtu mzima wa kusema "basi".

Na wewe je?
Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Chini ya miaka 14 huruhusiwi kuajiriwa. Kuanzia 14 mpaka utimize 18 ni kazi nyepesi tu, isiyoharibu afya wala masomo yako, na kazi ya saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi hairuhusiwi. Kwa hiyo mtu akikupa dili, muulize bila aibu:
- Mzazi au mlezi wangu atakuwepo?
- Nitamaliza saa ngapi, na nitasoma saa ngapi?
- Mkataba uko wapi, na pesa anashika nani?

Akijibu, "Njoo peke yako usiku, usimwambie mtu," hapo hakuna kazi ya sanaa, kuna hatari. Usiende, na mwambie mtu mzima unayemwamini.

Na kama shule umeshaiacha, bado njia ipo. Unaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, halafu ukafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Emma Watson alianza filamu za Harry Potter akiwa mtoto, akafundishwa palepale kazini, na mwaka 2014 alihitimu Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Umaarufu haukumzuia kusoma. Basi anayekwambia uchague kimoja, muulize: kwa faida ya nani?