Nembo ya laptopu ilivyomponza mpwa wangu

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, mtoto wa dada yangu alinijia mlangoni na laptopu kwapani. "Mjomba, haiwaki tena." Ana kiduka cha kupiga chapa na kuwajazia watu fomu za mtandaoni huko Kisauni, na laptopu hiyo ya mtumba ndiyo jembe lake. Alichoshwa na nembo ya kampuni inayojitokeza kila akiiwasha, akataka jina la duka lake likae pale. Fundi mmoja akamwambia ni kazi ya dakika kumi. Kabla hazijatimia, stima ikapotea. Na betri ya laptopu yenyewe ilikuwa imekufa zamani.

Wengi hudhani nembo ile iko ndani ya Windows. Haiko huko, wala haiko kwenye diski. Iko katika chipu ndogo iliyochomelewa kwenye bodi, pamoja na programu ya BIOS, ambayo siku hizi ni ya aina ya UEFI. Hiyo ndiyo inayoamka mwanzo ukibonyeza swichi. Hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha huikabidhi Windows kazi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows nayo huichukua picha hiyo hiyo ikaionyesha juu ya vile vidoti vinavyozunguka. Ndiyo maana mtu hufuta Windows yote, akaiweka upya, na nembo ikabaki vile vile.

Basi fundi akitaka kuitoa picha kwenye chipu, hulazimika kuiandika BIOS upya. Kazi hiyo ikikatika katikati, au faili ikiwa ya modeli nyingine, mashine hupoteza hata ujuzi wa kuamka. Unabaki na tofali.

Kama shida yako ni kutoiona nembo tu, huna haja ya hayo. Washa laptopu huku ukibonya F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP, au F1 kwa ThinkPad, uingie kwenye mipangilio ya BIOS. Tafuta palipoandikwa "Quiet Boot" au "Full Screen Logo", uzime, uhifadhi. Si kila laptopu ina kipengele hicho, nakwambia mapema usije ukanilaumu.

Unayetaka picha yako mwenyewe, angalia kwanza kama kampuni yenyewe imekuruhusu. Lenovo, kwa ThinkPad nyingi, hukuachia uweke picha ndogo yenye jina LOGO ndani ya folda ya sasisho lao rasmi la BIOS. Hata hivyo chipu huandikwa upya, kwa hiyo betri iwe nzima, imejaa, na chaja iwe imechomekwa. Ipo pia programu ya bure iitwayo HackBGRT. Hiyo haigusi chipu. Hukaa kwenye diski na kubadilisha picha Windows inapoanza kupakia, ingawa nembo ya kampuni bado huweza kuchungulia kidogo mwanzoni.

Kabla ya kugusa lolote kati ya hayo, tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ukibadilisha mambo ya BIOS inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao, kazi zako zimekwenda. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumiwa kuandaa mashine. Kwa laptopu ya mtumba, akaunti hiyo yaweza kuwa ya mtu usiyemjua.

Na msipokee faili za BIOS au za nembo kutoka vikundi vya simu. Desemba 2023 watafiti wa Binarly walionyesha udhaifu waliouita LogoFAIL: picha ya nembo iliyotiwa sumu huweza kuendesha programu ovu kabla Windows haijaamka, mahali ambapo kinga ya virusi haifiki.

Diski ya mpwa wangu tuliifungua tukaichomeka kwenye kompyuta yangu; fomu za wateja zote zilikuwemo, alhamdulillahi. Laptopu tulimpelekea fundi mwingine mwenye kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja. Imerudi juzi, inawaka, na nembo ya kampuni iko pale pale. Jina la duka amelichapisha kwenye stika, akalibandika mgongoni mwa kioo.