Mumunye, Maziwa na Kijana Wetu

Mumunye huharibikia ukubwani, husema wazee wetu wa mwambao. Mwaka jana methali hii ilinikaa moyoni kwa uchungu. Mtoto wa marehemu kaka yangu, yatima wa miaka 13 ninayeishi naye hapa Zinga, alianza kuikimbia madrasa na kurejea nyumbani usiku. Nilimwonya, nikamgombeza, nikamzuia kutoka. Alinyamaza, wala hakubadilika.

“Baba watoto,” mke wangu akaniambia, “huyu kijana hujapata kukaa naye ila kwa kumsema.” Jumamosi moja baada ya Alasiri alitukabidhi mumunye na maziwa, akatutaka tumpikie khiri.

Khiri ni kitamu cha Kihindi cha maziwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliokuwapo Bagamoyo katika karne ya 19, zama za Sewa Haji Paroo aliyefariki mwaka 1897, asili yao ilikuwa Gujarat na Kutch. Huko mumunye huitwa dudhi, jina lililo karibu na dudh, yaani maziwa. Nasi mumunye tunao mashambani, maziwa tunayanunua kwa wafugaji, na iliki haikosekani jikoni. Hakuna cha kuagiza mbali.

Kwa watu sita, chukua mumunye mchanga wa nusu kilo, ambao ukucha unapenya ganda lake kwa urahisi. Onja kwanza kipande kibichi. Kikiwa kichungu, utupe wote, kwani uchungu huo ni sumu isiyoondoka kwa moto wala kwa sukari. Ukiwa salama, menya, toa mbegu na nyama yake laini ya katikati, ukwangue kama karoti za kachumbari, kisha uukamue maji.

Chemsha lita moja ya maziwa katika sufuria nzito, ukikoroga hadi theluthi moja ipungue. Kando yake, kaanga mumunye kwa vijiko viwili vya samli kwa dakika nane hivi, mpaka harufu ya ubichi iishe. Utie katika maziwa, upike kwa moto mdogo kwa dakika 15. Sukari, nusu kikombe, itiwe mumunye ukishalainika. Malizia kwa iliki tano zilizotwangwa, zabibu kavu na korosho. Huliwa moto au baridi.

Kazi kubwa hapo ni kukoroga, na mwenye kukoroga hana pa kwenda. Tulipokezana mwiko kwa muda mrefu bila neno. Kisha kijana akasema, macho yake yakiwa sufuriani, kwamba baba yake alipofariki alibaki nyuma katika kusoma, na sasa watoto wadogo wanamtangulia. Alikuwa akiona haya kukaa nao. Miezi yote ile nilidhani ni ukaidi, kumbe ni aibu, nami sikuwa nimemuuliza.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.) chakulani, na Anas bin Malik (R.A.) akafuatana naye. Anas alimwona Mtume akivifuata vipande vya mumunye pande zote za sahani, na tangu siku hiyo naye akawa mwenye kuupenda mumunye. Anas aliingia katika kumtumikia Mtume akiwa na umri wa miaka 10 hivi. Katika kisa hiki hakupewa amri wala hakugombezwa. Alikuwapo tu kwenye sahani moja, akaona, akapenda.

Ndugu wazazi na walezi, ni wangapi kati yetu hula na vijana wetu sahani moja? Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Nilikuwa na muda wa vikao vya watu wote, isipokuwa kikao na yatima aliye chini ya dari langu.

Sasa kila baada ya Isha tunasoma pamoja, aya chache chache, na madrasa amerejea. Ziko siku anazonuna, nami najifunza kuuliza kabla ya kusema. Jumamosi yeye ndiye achaguaye mumunye, huupima kwa ukucha, huuonja, kisha ndipo huniita jikoni.

Allah atuhifadhie watoto wetu, na atuwafikishe kuwa karibu nao wangali wachanga. Amin.