Mwinda watumwa na rafiki yake Mwingereza

Ndugu zetu mliohama makwao mnatuuliza mara nyingi hapa Kamina: aliyetutesa akirudi, tumpokee? Habari moja ni ya Haut-Lomami hii hii. Mwaka 1915 mmisionari Mwingereza William Burton alifika Mwanza, eneo la Malemba-Nkulu. Miaka iliyofuata, watu waliouzwa utumwani Angola walirudi, wakiwa Wakristo. Pamoja nao alikuja Shalumbo, ambaye zamani aliwinda watu na kuwauza. Burton alimpokea kama mwenzake wa kazi, wakawa marafiki; mwaka 1929 akatoa kitabu juu ya maisha yake. Mgeni alihitaji mtu anayejua lugha na njia, ni kweli. Lakini machifu wapime hili: Shalumbo hakurudi kwa siri. Alirudi pamoja na waliotoka utumwani.