Handaki la Maili Hamsini

Jeshi la kawaida hufundishwa kumtafuta adui, kumkuta na kumpiga kwa nguvu kubwa kuliko yake. Vita vya msituni hukwamisha fundisho hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu adui haonekani.

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, askari wa kikosi cha Waingereza cha Lancashire Fusiliers waliletwa kwa ndege kutoka Misri. Huko Nyandarua na Mlima Kenya walikuta mianzi iliyosongamana, ukungu na baridi. Wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga utawala wa kikoloni wa Waingereza, walinusa sabuni na sigara zao kabla hawajawafikia. Bunduki nyingi za wapiganaji hao zilikuwa za kujitengenezea: kipande cha bomba la maji ndiyo mtutu, komeo la mlango ndilo nyundo, na mpira uliokatwa kwenye tyubu hulivuta komeo ligonge risasi. Baadhi ya viongozi wao, kama Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, walipata ujuzi wa vita katika jeshi hilohilo la Waingereza, huko Burma.

Jeshi lilijibu kwanza kwa nguvu liliyoizoea. Kuanzia mwishoni mwa 1953, ndege za Lincoln zilimwaga mabomu msituni. Tembo na nyati walijeruhiwa, lakini watu wachache waliotawanyika chini ya miti mikubwa rubani angewaonaje?

Jenerali George Erskine, aliyefika Juni 1953 kuongoza jeshi la Waingereza, alielewa kwamba msitu hauoti mahindi. Chakula, risasi, dawa na habari vilitoka Nairobi na vijijini, na mara nyingi vilibebwa na wanawake usiku. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, askari na polisi wapatao 25,000 waliizingira Nairobi na kupekua nyumba kwa nyumba. Maelfu kwa maelfu walipelekwa kizuizini Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Kuanzia katikati ya mwaka huo, watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka maboma yao na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na kulindwa na homugadi, yaani walinzi wa kienyeji wa upande wa serikali. Mama hakwenda shambani kwake ila kwa saa alizopangiwa. Na pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya, wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki la maili 50, ndani yake vikasimikwa vijiti vilivyochongwa ncha. Mwanamke alichimba kwa mikono yake shimo la kumtenga na mwanawe aliyekuwa upande wa pili.

Baadaye ndipo vikaenea vikundi bandia vya maofisa Frank Kitson na Ian Henderson: wapiganaji waliotekwa wakageuka, wakarudishwa msituni na makoti yao makuukuu, bila kuoga, kuwasaka wenzao. Maofisa hao waliandika vitabu kuzisifu mbinu hizo. Mimi naona sifa hiyo imezidi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau msituni, alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, njaa ilikuwa imekwisha kuwamaliza watu wake. Handaki, uzio na kambi ndivyo vilivyoshinda vita ile, na vilimwangukia raia kabla ya mpiganaji.

Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Juni 2013, serikali ya Uingereza ilieleza bungeni masikitiko yake kwa mateso ya miaka ile, na ikakubali kutoa pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi, kwa Wakenya 5,228 waliokuwa bado hai.