Hitilafu za Kweli, Virusi vya Uongo

Mama mdogo wangu anaishi Houston, kazi yake kuhudumia wazee majumbani mwao. Jumamosi moja asubuhi alinipigia simu, na kabla sijamaliza shikamoo akanikatisha: "Mwanangu, hii kompyuta yangu wameikuta na virusi elfu mbili. Fundi ninaye hapa kwenye simu ya mezani, anataka dola 349 kwa miaka mitatu. Hivi hiyo ndiyo bei yake?"

Nikamuuliza huyo fundi kamtoa wapi. Hakumtoa popote. Alikuwa anatafuta mapishi ya visheti, ghafla kioo kikawa chekundu, king'ora kikalia, sauti ya mwanamke ikamwonya asizime kompyuta, na chini pakatokea namba ya simu. Akaipiga. Sasa mshale ulikuwa unatembea wenyewe kwenye kioo, naye amesimama pembeni na mwiko mkononi, akimwomba yule kijana radhi kwa kumsubirisha maana amemkuta jikoni.

"Kadi hujampa lakini?"

"Namba nimempa, mwanangu. Nilikuwa nauliza bei tu."

Naomba msomaji asimcheke. Mama mdogo hakuzaliwa jana. Kama Mtanzania yeyote mwenye simu, ameshapokea "ile hela tuma kwenye namba hii" mara zisizo na idadi, na huzifuta huku akisonya. Jirani yake Mkenya naye anawajua wale wanaosemwa kwamba wanapiga kutoka gereza la Kamiti: unaingia ujumbe wa M-Pesa wa kughushi, kisha mtu analia kwamba amekosea namba, tafadhali mrudishie. Hakuna kati yao anayeingia mkenge huo. Ndiyo maana swali lilinikaa kichwani wiki nzima: inakuwaje mtu asiyelizwa kwa Kiswahili alizwe kwa Kiingereza?

Nadhani jibu liko kwenye alichoonyeshwa. Mwizi wa ujumbe wa simu hana cha kukuonyesha, ana maneno tu. Huyu wa kompyuta alimfungulia mama mdogo mashine yake mwenyewe, akamwonyesha vitu ambavyo kweli vilikuwamo.

Fanya nilivyofanya mimi siku ile. Windows ina daftari linaloitwa Event Viewer, ambamo kompyuta hujiandikia kila kinachotokea ndani yake: programu imechelewa kuwaka, printa haikuitika, saa imeshindwa kujirekebisha kwa sababu intaneti ilikatika kidogo. Nililifungua kwenye kompyuta yangu, mpya, isiyo na tatizo lolote. Alama nyekundu na za njano zilikuwa zimepangana kurasa kwa kurasa, kila moja imeandikwa hitilafu au onyo. Hali iko hivyo kwenye kila kompyuta ya Windows duniani. Daftari hilo wamewekewa mafundi, nao wenyewe hawalisomi mpaka kitu kiharibike. Yule kijana alimwambia mama mdogo, "Unaona hizi nyekundu? Kila moja ni kirusi." Hitilafu zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa kwenye tafsiri.

Wana mchezo mwingine ambao mimi naupenda, kama mtu anavyoweza kupenda mchezo wa mwizi. Wanakuambia ufungue lile dirisha jeusi la amri na uandike assoc. Maandishi yanateremka kama mvua, na karibu na mwisho unabaki mstari wenye namba ndefu inayoanza na 888DCA60. "Hiyo ndiyo namba ya usajili wa kompyuta yako," anasema, "nitakusomea ninayoiona hapa ofisini, wewe uhakikishe." Anasoma, herufi kwa herufi, na zinalingana. Ni mtu gani asiyeamini hapo? Ila namba hiyo ni ile ile kwenye kila Windows, yangu, yako na ya hakimu atakayemfunga.

Hii ni kazi ya mganga wa mjini. Akikuambia kuna mtu kwenye ukoo wenu anakuonea kijicho, hajakosea. Nionyeshe ukoo ambao mtu huyo hayumo. Halafu ndipo anapotaja bei ya kuku mweusi.

Biashara ya kuuza hofu kwa njia hii imeanza zamani kidogo. Miaka ya 2000 kulikuwa na programu kama WinFixer na XP Antivirus zilizojitokeza kwenye kioo, zikajidai zinakagua mashine, zikatangaza uchafu usiokuwapo, kisha zikaomba kulipwa ziufagie. Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki waliokuwa nyuma yake, ikisema wamewauzia watu zaidi ya milioni moja, na mwaka 2012 mahakama ikatoa hukumu ya dola milioni 163. Wakati huohuo simu zilikuwa zimeshaanza kulia Uingereza, Australia na Amerika Kaskazini, nyingi zikitoka vituo vya simu vya India, hasa Kolkata: "Napiga kutoka Windows."

Kwa nini India? Kampuni za Magharibi zilikuwa zimeshapeleka huko kazi za kuhudumia wateja kwa simu. Vijana wasomi wanaojua Kiingereza walikuwapo, vyumba vyenye meza na vifaa vya masikioni vilikuwapo, simu za kupitia intaneti zilikuwa karibu bure, na watu walikwishazoea kufanya kazi usiku ili iwe mchana Marekani. Aliyetaka kuiba alikuta mtambo umeshafungwa. Oktoba 2023 polisi wa upelelezi wa India, CBI, walivamia sehemu 76 nchini humo katika operesheni waliyoiita Chakra-II, baadhi ya kesi zikitokana na malalamiko ya Microsoft na Amazon.

Lakini anayedhani kwamba hili ni jambo la Wahindi tu, aangalie Florida. Novemba 2014 FTC na serikali ya jimbo hilo walifungisha biashara mbili za huko huko, zilizodaiwa kukusanya zaidi ya dola milioni 120 kwa kuwatisha watu kuhusu kompyuta zao. Na kuna kesi ya Office Depot, ambayo mimi ndiyo iliyonifumbua macho, kwa sababu hapo hapakuwa na sauti ya mbali wala simu ya usiku wa manane. Hilo ni duka unaloingia na mkoba wako. Kwa mujibu wa FTC, kwa miaka kadhaa mpaka mwishoni mwa 2016 mteja alikuwa akikaguliwa kompyuta bure kwa programu ya kampuni ya Support.com. Mfanyakazi alimuuliza maswali manne: je, kompyuta yako ni nzito, inajizima, inaleta matangazo, na kadhalika. Ukijibu ndiyo kwa moja tu, anaweka alama kwenye kisanduku, na mwisho programu inatangaza kwamba imeona dalili za virusi. Hata kama ukaguzi wenyewe haukukuta kitu! Matokeo yalitoka kwenye mdomo wa mteja mwenyewe. Machi 2019 kampuni hizo mbili zilikubali kulipa dola milioni 35 ili kumaliza shauri.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nitofautishe vipi muuzaji king'ang'anizi na tapeli, namwambia mpaka wao ni mwembamba, na wakati mwingine wanapanda basi moja. Laptopu mpya inakuja na antivirusi ya majaribio. Muda ukiisha inaanza kukusumbua kwa maneno kama "huna ulinzi". Hiyo ni kampuni halali, ina risiti, unaweza kuikataa. Lakini maneno yale hayana ukweli kamili pia, kwa kuwa Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake bila malipo, nayo hujiwasha yenyewe ukiiondoa ile ya majaribio. Sisi wageni wa nchi hizi tunalipia kila kitu kinachotisha kidogo, hasa kikiandikwa kwa Kiingereza cha ofisi. Mtu anayesubiri makaratasi yake ya uhamiaji hapendi kubishana na sauti yoyote inayofanana na serikali. Matapeli wanalijua hilo kuliko tunavyolijua wenyewe.

Miaka ya karibuni kupiga simu kumepungua, wanakusubiri upige wewe. Ukurasa mwekundu wa mama mdogo haukuwa kirusi, ulikuwa ukurasa wa tovuti kama mwingine, umetandazwa kioo kizima na kuwekewa sauti. Ukishikilia kitufe cha Esc kisha ukaufunga, au ukibonyeza Ctrl, Alt na Delete pamoja ukaifunga programu ya kivinjari, umeisha. Microsoft wenyewe wanasema onyo lao la kweli halina namba ya simu ndani yake. Namba ya simu ndiyo ndoano. Mtu aliyepiga kwa mkono wake humwamini anayepokea, kwani ni yeye aliyemtafuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, waliwapigia matapeli hawa mara 60 na kuchapisha waliyoyakuta mwaka 2017: wastani wa bei waliyotajiwa ulikuwa karibu dola 291. Mama mdogo, nikamwambia, ulipandishiwa.

Ukurasa ukikupita, itakuja risiti ya baruapepe: asante kwa kununua ulinzi wa dola 399, kama hukununua tupigie. Jina linaloazimwa sana ni la Geek Squad, mafundi wa maduka ya Best Buy. FTC ilipokea malalamiko kama 52,000 kuhusu watu waliojifanya wao mwaka 2023.

Dola 349 zenyewe siku hizi ni kianzio. Miezi inapita, anapiga mwingine: kampuni yetu inafungwa, tunarudisha hela za wateja. Anaomba kuingia kwenye kompyuta kwa programu kama AnyDesk au TeamViewer, ambazo ni zana halali za mafundi, kisha anakuomba ufungue akaunti yako ya benki. Kioo kinakuwa cheusi kidogo. Kinaporudi, salio limeongezeka dola 34,900 badala ya 349. Jamaa anaanza kulia: nimekosea sifuri, nitafukuzwa kazi, nina watoto, nirudishie iliyozidi. Benki haijaingiza kitu. Ama amehamisha hela zako mwenyewe kutoka akaunti ya akiba, ama amebadilisha maandishi yanayoonekana kwenye kivinjari chako, jambo ambalo mtoto wa sekondari anaweza kulifanya. Ni nimekosea-namba ya M-Pesa, imevaa suti.

Utarudisha kwa kadi za zawadi za dukani, unazikwangua na kumsomea namba, na hapo ni sawa na kumkabidhi noti gizani. Wenye akiba kubwa wanafikiwa mlangoni: Januari 2024 FBI ilitoa tahadhari kwamba matapeli hutuma mtu nyumbani kuchukua mabunda ya fedha au dhahabu. Hasara ambazo FBI ilitajiwa na wananchi kwa utapeli wa kujifanya mafundi mwaka 2023 zilizidi dola milioni 920.

Na usijidai mjanja. Kuna mwanamume wa Ireland ya Kaskazini anayejiita Jim Browning, ambaye huingia kimyakimya kwenye kompyuta za matapeli hawa na kuwarekodi. BBC walitumia picha zake kwenye kipindi cha Panorama mwaka 2020. Mwaka uliofuata mtu alijifanya ni huduma ya YouTube, akamshawishi aifute chaneli yake kwa mkono wake.

Turudi jikoni Houston. Nilimwambia mama mdogo achomoe waya wa intaneti na akate ile simu ya mezani. Akaniuliza, "Bila kumuaga?" Nikasema bila kumuaga. Hapo alisita kuliko alivyosita kutoa namba ya kadi. Kukata simu mtu anaongea, kwa malezi yake, ni kama kumfungia mgeni mlango usoni. Zamani matapeli wengine wakikataliwa walifunga kompyuta kwa programu ndogo ya Windows iitwayo syskey na kudai hela ya kufungua. Microsoft iliiondoa mwaka 2017. Huyu hakupata nafasi.

Kisha tukapiga benki, kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Bahati yake ilikuwa kadi ya mkopo, ambayo sheria ya Marekani inampa mteja nafasi nzuri ya kuyapinga malipo. Ya debit ingetupa shida zaidi. Nywila za baruapepe na benki alizibadilisha kwa simu yake, kompyuta haikuguswa mpaka nilipokwenda kuifuta yote na kuiwekea Windows upya. Nilikuta AnyDesk na programu nyingine mbili ambazo sikuzitambua. Taarifa tuliipeleka FTC kwenye tovuti yao ya kupokea malalamiko, naye akasisitiza aandike mwenyewe, akaandika ukurasa mzima.

Hela zilirudi baada ya wiki tano. Miezi minane baadaye, kama nilivyomwahidi, simu ililia. Nilikuwepo, tunakula. Kampuni inafungwa, mama, tunataka kukurudishia dola zako 349. Aliiweka simu kwenye spika, akanawa mkono taratibu, akamjibu kwa Kiswahili safi:

"Ile hela tuma kwenye namba hii hii, baba."

Jamaa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nyumbani kuna mtu mwingine anayejua Kiingereza.