WAV, FLAC na nyimbo za wamama: namna ya kubadilisha faili bila kupoteza sauti

Muhula huu ulizo limekuwa moja tu kila tunapopita mbele ya madarasa: "Zile nyimbo za wamama, juu ya nini hamzitie katika telefone zetu?" Wengine wanasema tunazificha. Hatuzifichi hata kidogo. Ila kabla ya kuzigawa kuko jambo la kuelewa, na sisi wafinalisti tumepewa nafasi hii katika gazeti letu ili tulieleze.

Habari yenyewe mnaijua. Wamama wazee wa kanisa walikubali kuimba nyimbo za zamani, za Kilokele na za Kiswahili, ambazo hazimo katika kitabu chochote tulicho nacho. Tuliazima masini nzuri ya kunasa sauti, tukanasa masaa 11. Tangu siku zile wamama wawili kati yao wamefariki. Basi hatuwezi kuwaita tena waimbe mara ya pili. Masini ni ya watu, inapaswa kurudi, na karti yake itafutwa. Faili zote pamoja ni karibu GB 23, na flashi tuliyo nayo ni ya GB 16. Ndugu mmoja wa mwaka wa tano akasema: "Tuzifanye zote MP3, zitaingia hata katika telefone ya tochi, kisha tufute karti." Hesabu yake ni ya kweli. Shauri lake ndilo tunalolikataa, na sababu ni hizi.

Masini inaponasa sauti haichori wimbo. Inapima. Kila sekunde inapima nguvu ya sauti mara nyingi sana na kuandika namba. Diski ya CD ina vipimo 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, maana yake ngazi 65,536 toka kimya mpaka kelele. Masini yetu ilipima mara 96,000 kwa sekunde, kwa biti 24, yaani ngazi 16,777,216. Kwa kuwa ina maikrofoni mbili, kushoto na kuume, zidisha: 96,000 mara bayiti 3 mara 2, ni bayiti 576,000 kila sekunde. Saa moja inakula zaidi kidogo ya GB 2. Ndiyo maana masaa 11 yanafika GB 23.

Mtu atauliza kama sikio linasikia tofauti hii yote. Sikio la kijana linafika karibu hertzi 20,000, la mzee halifiki huko, na CD inatosha kwa kusikiliza. Sisi wenyewe tulilinganisha tukiwa tumefumba macho, na hakuna aliyejua ipi ni ipi. Lakini kuweka akiba si kusikiliza. Kesho mtu atataka kuinua sauti ya mama aliyesimama mbali na maikrofoni, au kupunguza kelele ya mvua juu ya mabati. Hapo ndipo zile ngazi nyingi zinapofanya kazi.

Sasa tuje kwenye mifuko. Namba zile zile zinaweza kuwekwa katika mifuko ya namna mbalimbali. AIFF ilitoka kwa Apple katika 1988. WAV ilitoka kwa Microsoft na IBM katika 1991. Mifuko hii miwili kwa kawaida inabeba namba zote wazi, moja kisha nyingine, bila kuzikunja. FLAC ilianzishwa na Josh Coalson, toleo la kwanza kamili likatoka katika 2001. Ni ya bure na kila mtu anaruhusiwa kuitumia. ALAC ni ya Apple, ya mwaka 2004, na tangu 2011 nayo iko wazi kwa wote. Hizi mbili za mwisho zinakunja namba ili zikae padogo, lakini ukikunjua unapata namba zile zile, hata moja haikosi.

Wanakwaya wataelewa upesi kwa mfano wa solfa. Wimbo wa sauti ine ulioandikwa kwa d, r, m unaweza kuandikwa upya kwa mistari mitano na noti. Kisha mwingine achukue zile noti azirudishe katika solfa. Kama wote wawili wanajua kazi, karatasi ya mwisho itakuwa sawa na ya kwanza. Rudia mara kumi, ni vilevile. Hivyo ndivyo ilivyo toka WAV kwenda FLAC, toka FLAC kwenda ALAC, na kurudi WAV. Wazee wetu wanaogopa kunakili juu ya kaseti: nakala ya kaseti ilikuwa na uvumi zaidi kuliko mama yake, na nakala ya nakala ilikuwa mbaya kabisa. Kwa faili hizi woga ule hauna kazi.

FLAC inakunja namna gani bila kutupa? Inakisia. Inakata wimbo katika vipande vidogo, mara nyingi vya vipimo 4,096. Ndani ya kila kipande inatazama namba zilizopita na kukisia ile inayofuata, kwa kuwa sauti ya mtu hairuki-ruki ovyo. Inapanda na kushuka kama wimbi la mto. Kisha inaandika jinsi ya kukisia, pamoja na kosa la kila kisio. Makosa ni namba ndogo, nazo zinaandikwa kwa biti chache, kwa njia inayoitwa Rice. (Si mchele, wandugu. Ni jina la mtu, Robert Rice wa Marekani.) Anayefungua anakisia vilevile, anaongeza kosa, namba ya kweli inarudi. Wimbo mtulivu unakunjika sana. Kelele ya mvua haikisiki, basi inakunjika kidogo. Kuko ngazi za kukunja toka 0 mpaka 8, na wengi wanadhani 8 inaharibu sauti. Hapana. Sauti ni ile ile. 8 inatumia tu muda mwingi zaidi wa ordinatere, jambo la kufikiri kama umeme uko wa masaa machache.

Tena FLAC ina faida ambayo WAV haina: ndani ya faili inaandika alama ya hesabu ya namba zote za mwanzo, iitwayo MD5. Ukiandika flac -t na jina la faili, programu inakunjua yote na kulinganisha na alama ile. Kama flashi imeharibika hata biti moja ya sauti, itakuambia. WAV ikiharibika itanyamaza tu, utajua siku unayosikia mkwaruzo katikati ya ubeti. Isitoshe WAV ya kawaida haipiti GB 4. Kwa vipimo vyetu hiyo ni kama masaa mawili na dakika ine, kwa hiyo ibada ndefu haitoshi katika faili moja.

Lakini mitego iko, na hapa tunaomba msome polepole. Mfuko usiopoteza hauzuii mtu kupoteza. Programu ffmpeg, ambayo wengi wanaitumia, ukiiambia itoe WAV toka FLAC ya biti 24 bila kueleza zaidi, inakupa WAV ya biti 16. Haikuulizi. Lazima uandike pcm_s24le. Audacity ni nzuri kwa kukata na kusahihisha, lakini mradi wake ukiwa kwenye 44,100 itashusha vipimo vyako toka 96,000 wakati wa kutoa, na inaweza kuongeza uvumi mdogo wa makusudi. Kwa kubadilisha mfuko tu, usipitie huko. Tena angalieni faili ya m4a: ndani yake inaweza kuwa ALAC isiyopoteza, au AAC inayopoteza, na kwa jina la nje zinafanana kama mapacha. Fungueni habari za faili, msome.

Na WhatsApp? Wimbo ukitumwa kama faili ya dokima unafika kama ulivyo. Ukichezwa karibu na telefone na kunaswa tena kama ujumbe wa sauti, huo ni wimbo mwingine.

Turudi kwa MP3 ya ndugu yetu. MP3 ilitengenezwa na mafundi, hasa wa taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani, na ni kazi ya akili sana. Inatupa kile ambacho sikio huenda lisikisikie, kwa mfano sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa. Kwa kilobiti 128 kila sekunde, masaa yetu 11 yangekuwa kama MB 630 tu. Sisi hatuchukii MP3, barabarani inatosha. Lakini kilichotupwa hakirudi. Ni kama mtu kunakili soprano peke yake katika daftari, akachoma karatasi yenye alto, tenor na bass. Ukimpa daftari lile fundi hodari wa noti, ataandika soprano vizuri sana. Bass ataitoa wapi?

Kuko kwaya moja mjini, jina tunaliacha, iliyobaki na MP3 tu za miaka yake ya mwanzo. Walipotaka kutoa CD walizibadilisha kuwa WAV. Faili zikakua mara kumi na zaidi, wakafurahi. Sauti haikukua. Matoazi yalibaki yakilia kama maji ya kukaanga.

Wazee wa mto walijua jambo hili kabla ya ordinatere. Ngoma ya mti ya Walokele inapeleka kimo cha sauti tu, juu na chini. Herufi za maneno zinabaki nyuma. John Carrington, mmisionari Mbatisti toka Uingereza aliyekaa Yalemba na Yakusu na kuandika kitabu juu ya ngoma hizi katika 1949, alieleza kwa nini mpigaji anatumia sentensi ndefu kwa neno moja. Maneno mengi yana kimo sawasawa, basi anaongeza mengine ili msikilizaji asichanganye. Mpigaji anajua kinachopotea, naye anakilipa mbele. Anayebonyeza MP3 na kufuta WAV halipi kitu.

Mfano mwingine wa karibu. Katika 1952 Hugh Tracey alipita kaskazini ya Kongo, mpaka kando ya msitu wa Ituri, akinasa nyimbo. Katika 1954 alianzisha huko Afrika Kusini nyumba ya kuhifadhi muziki, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Kwa kuwa kanda za mwanzo zilihifadhiwa, zaidi ya miaka 40 baadaye nyimbo zile zilitolewa tena katika CD. Wangebaki na nakala za kusikiliza tu, kazi ile ingetoka na ubaya wote wa nakala.

Basi tulifanya hivi. Kila WAV ya masini tuliibadilisha kwa flac -8 -V. Herufi V inaiambia programu ikunjue palepale na kuhakikisha. Usiku mmoja umeme ulikatika katikati, tukarudia faili ile toka mwanzo. GB 23 zimekuwa GB 13 na kidogo, zimeingia katika flashi. Wimbo mmoja tuliurudisha WAV ya biti 24, tukalinganisha namba na karti: hakuna tofauti. Ndipo tukatoa MP3 toka FLAC, kwa ajili ya telefone zenu, bila kugusa FLAC yenyewe.

Flashi moja haitoshi, inapotea, inaanguka ndani ya maji. Nakala ya pili iko kwa mchungaji, na ya tatu tunaitafutia flashi. Karti ya masini haijafutwa bado. Tunangoja nakala ya tatu ipite flac -t. Anayetaka MP3 aje Jumatano kisha masomo na telefone yake. Anayetaka FLAC zote alete flashi tupu ya GB 16, nayo isiwe ile yenye virusi ya mwaka jana.