Ziwa Kivu: Katamarani ya abiria, mota gani inafaa?

Anayetaka kutengeneza katamarani kwenye ziwa Kivu, yaani boti ya miili miwili myembamba iliyounganishwa na sakafu moja, anakutana mapema na swali: isukumwe na mota gani? Akikosea, kosa litaonekana katikati ya ziwa, usiku, mota imezimika na upepo umeanza.

La kwanza ni hewa. Ziwa Kivu liko karibu mita 1.460 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, na mota isiyokuwa na turbo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Mota iliyoandikwa farasi 40 inatoa kama 34 tu. Kwenye ziwa Tanganyika, lililo karibu mita 770, hasara ni kama nusu ya hiyo. Mara nyingi inalazimu kubadilisha pia helisi, lile panga linalozunguka majini, na kuweka yenye mkunjo mdogo.

La pili ni uzito. Miili myembamba inakata maji bila kutumia nguvu nyingi, lakini inazama haraka ikilemewa. Mota ya esansi inayofungwa nyuma ni nyepesi na inainuliwa nje ya maji helisi ikishikwa na nyavu ao plastiki. Ubaya wake: esansi inashika moto kwa urahisi, na mota yenyewe ni rahisi kuibwa. Mota ya mazuti, inayokaa ndani, ni nzito na fundi anaifikia kwa taabu, lakini inadumu na inakula kidogo kwenye safari ndefu kama ya Bukavu hadi Goma.

Katamarani inabeba mota mbili, moja kila upande. Moja ikienda mbele na ingine nyuma, boti inageuka papo hapo bila kutafuta nafasi. Moja ikikufa, ingine inarudisha watu bandarini, lakini sherti kila moja iwe na tanki, filta na betri yake. Mafuta machafu ya tanki moja yanazimisha zote mbili.

Na umeme wa jua? Inawezekana: katamarani Tûranor PlanetSolar ilizunguka dunia kwa jua pekee kati ya 2010 na 2012. Lakini ilibeba betri za tani nyingi na ilitembea polepole. Kwa matembezi mafupi inafaa. Kwa abiria wenye haraka, bado.

Hata hivyo, hakuna mota inayoponya boti iliyojazwa kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi walikufa.

Kwa hiyo mwenye boti ahesabu kwanza uzito wa watu na mizigo, kisha umbali, kisha aulize ni mota gani mafundi wa bandari yake wanajua kutengeneza na vipuri vyake vinapatikana wapi. Bei ifuate nyuma.